Harufu ya Petroli Kwenye Asali

Jumanne, Mei 6

Najiat amenichoka. Jana nimempigia simu huko Mwanza kumweleza habari za gari, akanikatisha: "Mama, mimi ni nesi, siyo fundi. Andika. Nikija likizo nitasoma yote kwa mkupuo." Haya, naandika. Watoto wa siku hizi hata maneno ya mama zao wanataka yapange foleni.

Habari yenyewe ni hii. Gari alilotuachia marehemu mume wangu Sabiri, lile jeupe la kufunikwa nyuma, limeishiwa nguvu. Msimu wa asali ndio huu, wafugaji nyuki wa Sikonge wameshaanza kushusha mizinga, na mimi Mwanne binti Yahaya, ninayeuza asali soko la Tabora tangu Najiat yuko mgongoni, gari langu linapitwa na baiskeli. Dereva wangu Gerson anasema ukikanyaga mafuta linanguruma tu bila kwenda, na sakafu inapata moto mpaka nyayo zinaungua. Halafu kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye picha ya injini. Imewaka tangu Ramadhani. Nilimwambia aifunike kwa plasta, ilikuwa inaniudhi.

"Mama, hili gari limebanwa pumzi," Gerson akasema.

"Gari lina pumzi tangu lini?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha Kimoravian kisichoonyesha meno. Gerson ni mtu wa Sikonge ndani kabisa, anaendesha gari hili tangu enzi za Sabiri, na wafugaji nyuki wote wa kule ni ama wajomba zake ama waimbaji wenzake wa kwaya. Wananipa mimi asali kwa sababu yake yeye. Mwezi ujao anawekwa mzee wa kanisa, mkewe Levina ameshashona gauni. Akiendesha anaimba nyimbo za kanisani, mimi Mwislamu wa watu sasa nazijua zote.

Alhamisi, Mei 8

Leo tumelipeleka gari kwa Nasri, gereji yake iko Isevya. Nasri ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mtani wangu. Wanyamwezi na Wazaramo tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wanateremka na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, akabeba hata kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye uliyeaibika.

Aliponiona tu akaanza. "Oneni, Mnyamwezi amekuja na gari! Babu zako walibeba pembe kichwani kutoka Ujiji mpaka kwetu, wewe unashindwa kubeba ndoo za asali?"

"Na babu zako walikuwa wamekaa chini ya minazi wanangoja nazi iwadondokee," nikamjibu. "Ingia chini ya gari, mvivu wewe."

Akaingia. Alipotoka alisema masega yameziba. Mimi nauza asali, nikadhani ananitania tena. Kumbe ni kitu cha kweli: kwenye bomba la ekzosi kuna kopo, na ndani ya kopo kuna kitu cha vijitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, moshi wa injini unapita humo unasafishwa. La kwangu limeungua, limeyeyuka, limeziba, kwa hiyo moshi hautoki na gari haliwezi kuvuta hewa nyingine. Gerson akaniangalia. Alisema pumzi, nami nikamcheka.

Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi Nasri ameshakata kopo, ametoa kilichokuwemo, amelichomelea na kulirudisha tupu. Gari likawashwa, loo! Linanguruma kama simba wa Ugalla.

"Na masega yangu?" nikauliza.

"Nimeyala, mtani!" akapaza sauti gereji nzima isikie. "Nimeyala, yaliyobaki nimeyauza, kesho nanunua suruali. Utanifanya nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi. "Kula baba, kula. Yakukwame kooni!"

Jumamosi, Mei 10

Gari linaruka! Gerson amekwenda Sikonge na kurudi kabla ya alasiri. Mungu ambariki yule Mzaramo mchafu.

Alhamisi, Mei 15

Sielewi. Zamani tangi likijaa Gerson alikuwa anakwenda Sikonge na kurudi, anakwenda tena na kurudi, na bado yanabaki ya kuzungukia mjini. Sasa tangi moja halimalizi safari ya pili. Kwanza lilianza taratibu, tangu lile joto la sakafuni wakati wa Ramadhani, nikasema ni kwa kuwa gari limechoka. Lakini sasa halijachoka, limepona, na bado linakunywa. Nimemuuliza Gerson.

"Hata mimi nashangaa, mama."

Kushangaa siyo jibu.

Jumatatu, Mei 19

Baridi ya asubuhi, vumbi mchana. Ile plasta kwenye dashibodi imebanduka. Taa bado inawaka.

Ijumaa, Mei 23

Leo nimefedheheka. Yule mama wa hoteli anayechukua ndoo zangu kila wiki amenirudishia mbili. Amefungua kifuniko mbele ya wateja wangu na kuniambia ninuse. Nikanusa. Petroli! Siyo sana, kwa mbali, lakini ipo. Asali inavuta harufu, kila anayeuza asali anajua, ndiyo maana hatuiweki karibu na vitunguu wala sabuni. Lakini petroli?

Leonia, jirani yangu pale sokoni anayeuza mchele wa Igunga, alikuja naye akanusa. Akanivuta pembeni.

"Da Mwanne, mafuta yako yanaisha ovyo, sivyo? Na asali inanuka mafuta, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mbona huoni? Dereva wako anayafyonza kwenye tangi, anayatia kwenye madumu, anayaweka humo humo na asali yako, anauzia bodaboda njiani."

"Gerson? Aka! Huyo ni mtu wa kanisa."

"Lisemwalo lipo," akasema Leonia.

Nimerudi nyumbani. Mtu ambaye alibeba jeneza la mume wangu.

Jumapili, Mei 25

Nimekwenda nyuma ya gari peke yangu nikalipekua. Hakuna dumu. Lakini harufu ipo, kwenye turubai, kwenye viti, kila mahali. Nilichukua koti la Gerson lililokuwa limetundikwa, nikalinusa. Linanuka petroli mpaka kwenye kola.

Jumanne, Mei 27

Nimemfukuza Gerson.

Alikuja asubuhi kama kawaida, "Shikamoo mama," nami sikuitikia marahaba. Nikamwambia moja kwa moja: Gerson, mafuta yangu yanakwenda wapi?

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye unayeendesha. Usipojua wewe atajua nani?"

"Gari linakula. Nimemwambia Nasri aangalie, akasema mwache Mnyamwezi anunue mafuta, ndiyo kazi yake. Alikuwa anatania."

"Na asali yangu kunuka? Na koti lako kunuka?"

Alishika koti lake, akalinusa, nami nikaona kabisa anashtuka. Nikasema moyoni, ahaa, umekamatika. Leonia alikuwa amesimama mlangoni, nilimwita awe shahidi, akasema ule msemo, kikulacho ki nguoni mwako. Gerson hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Mama, sijachukua mafuta yako. Hata kibaba."

"Basi niambie nani."

"Sijui nani. Najua siyo mimi."

Nilitaka apige kelele. Mtu asiyeiba akisingiziwa hupiga kelele, huapa, hutukana. Huyu aliweka ufunguo juu ya mfuniko wa ndoo, taratibu, akasema tena, "Sijachukua, mama," akatoka. Nikamwambia Leonia, umeona alivyo mtulivu? Wezi ndio wanakuwa watulivu hivyo.

Sasa nimekaa najiuliza, kwani Gerson amewahi kupiga kelele lini? Siku basi lilipopinduka Puge na Sabiri ndani, alikuja kuniambia kwa sauti ile ile.

Basi yaishe. Nimempigia simu mkubwa wa wafugaji nyuki nikamweleza asimpe Gerson asali yangu tena, amekula mafuta yangu.

Ijumaa, Mei 30

Dereva mpya ni Doto, shemeji yake Leonia. Ana miwani ya jua na maneno ya Dar. Ananiita "bi mkubwa".

Jumanne, Juni 3

Doto amekwenda Sikonge na kurudi. Tangi limekauka kuliko siku za Gerson! Na asali kidogo, wafugaji wamempa ndoo chache, wakasema zilizobaki hazijachujwa. Ndoo zenyewe zinanuka.

Nimemwambia Leonia, shemeji yako naye anaiba? Amenuna. Lisemwalo lipo ni kwa watu wengine, siyo kwa shemeji.

Jumamosi, Juni 7

Idi. Pilau ilikuwa nzuri, tumekula. Jioni mjukuu wa yule mkubwa wa wafugaji nyuki alileta salamu na habari: kanisa limesimamisha mambo ya Gerson. Mwezi huu wanawekwa wazee wapya, yeye jina lake limetolewa mpaka habari ya wizi ieleweke. Levina amelikunja gauni.

Nimeshindwa kulala mapema. Kama ameiba, wamefanya haki. Kama hajaiba, basi nimefanya nini mimi? Lakini koti lilinuka, nililinusa kwa pua yangu hii hii!

Alhamisi, Juni 12

Leo nimekwenda mwenyewe. Nilimwambia Doto naketi mbele, nimebeba chapati zangu na chai kwenye chupa, sitashuka. Tumejaza tangi mbele ya macho yangu. Njia nzima sikuondoa macho. Sikonge walipopakia asali sikushuka hata kusalimia, wakaniona nina kiburi. Hata haja ndogo niliibana kutoka Sikonge mpaka Tabora, na mimi mtu wa sukari, Mungu ndiye anajua.

Nimekalia tangi lile kama kuku juu ya mayai. Hakuna aliyegusa. Tumefika nyumbani, mshale uko chini kabisa.

Sasa mwizi nani? Doto hakushuka bila mimi kumwona. Gerson yuko kwao analima. Tuliokuwa garini ni Doto na mimi. Labda mwizi ni mimi.

Ijumaa, Juni 13

Nimeamka kichwa kinagonga na kichefuchefu. Nimeinua baibui niliyovaa jana nikaifue. Inanuka petroli.

Nikakaa nayo mapajani. Baibui yangu mimi, inanuka vile vile kama koti la Gerson.

Jumanne, Juni 17

Doto amenipeleka kwa Marko, fundi umeme wa magari hapa mjini, Mwanza Road, ana mashine ya kusoma gari. Ameichomeka chini ya usukani, ikaandika vitu. Marko akasema gari lina sensa mbili, vijidude vya kupimia, kwenye bomba la ekzosi, moja mbele ya masega, moja nyuma yake, na zote zinaangalia hewa ya oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Mashine inalalamikia ya nyuma. Akaibadilisha. Taa imezimika! Nilimshika mkono nikamwombea dua.

Kwa hiyo ilikuwa sensa. Sensa inakula mafuta? Sijaelewa inakulaje. Lakini taa imezimika.

Ijumaa, Juni 20

Taa imewaka tena. Mafuta yanaisha vile vile. Makubwa haya.

Jumanne, Juni 24

Nimerudi kwa Marko nikiwa nimefura. Naye alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi, amekuna kichwa, amechomeka mashine, ameichomoa, amempigia simu mwenzake wa Igunga wakabishana nusu saa. Mwishowe akaingia chini akagonga kopo la masega kwa spana. Likalia kama debe tupu.

"Mama, masega yako yako wapi?"

"Ameyala Nasri," nikasema, nikacheka. Nikaacha kucheka.

Marko akasema basi alibadilisha sensa isiyokuwa na kosa. Ya nyuma kazi yake ni kuangalia kama masega yanafanya kazi. Masega hayapo, kwa hiyo italalamika mpaka kiama. Mgonjwa ni ya mbele. Nikamwambia anieleze polepole kama anamweleza mjinga, akanieleza kwa habari ya jikoni, hapo ndipo nilipopata mwanga kidogo.

Injini inapika petroli na hewa. Sensa ya mbele ni mwonjaji, inaonja moshi kisha inaiambia kompyuta ya gari: chumvi imezidi, au chumvi imepungua. Kompyuta inapunguza mafuta au inaongeza. Ya kwangu imekufa ulimi. Kila ikionja inasema chumvi haijatosha, haijatosha, na kompyuta inamwaga mafuta tu. Injini haiwezi kuyachoma yote. Yaliyobaki yanatoka mabichi, na zamani yalikuwa yanakwenda kuungulia ndani ya masega, ndiyo lile joto la sakafuni. Masega yakayeyuka yakaziba. Nasri akayatoa, gari likapata pumzi. Lakini mwonjaji bado amekufa, na sasa hakuna hata cha kuchoma yale mabichi. Yanatoka na moshi wa nyuma.

"Na mlango wa nyuma haufungi vizuri," Marko akasema, akasukuma ule mpira uliochakaa. "Gari likienda, moshi unarudi ndani. Hamjawahi kusikia harufu?"

Nikamwambia tumeisikia.

Akabadilisha sensa ya mbele. Akanionyesha plagi za injini, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa namwona Gerson akishika koti lake na kulinusa. Mimi nilidhani anashtuka kwa kukamatwa. Kumbe alishtuka kwa sababu na yeye ndiyo kwanza anasikia.

Jumatano, Juni 25

Nimekwenda kwa Nasri na hasira za njia nzima. Nilishapanga maneno. Masega, Marko kaniambia, hata yakifa yana madini ndani, wapo wanaoyanunua. Nasri hakunirudishia, na hakuniambia!

Akanipokea na suruali yake mpya. "Mke wangu huyo! Umekuja kubeba mizigo?"

"Nasri, umeniibia masega."

"Nimekuibia?" Akawageukia wenzake wa gereji. "Jamani, siku ile nilimwambia nini huyu?"

Wakajibu wote kwa pamoja, "Nimeyala, nimeyauza, nanunua suruali!"

"Naye alisema nini?"

"Kula baba, yakukwame kooni!"

Wakacheka. Ni kweli aliniambia, kwa sauti ya juu, mbele ya watu, na mimi nikampa kwa mdomo wangu. Mtani akikwambia ukweli utaujuaje? Na nikikasirika, tangu siku za babu zetu sheria inasema mwenye aibu ni mimi. Mpaka sasa sijui kama niliibiwa au nilitoa zawadi.

Nikaona nimwage lile lililokuwa linanichoma. Nikamwambia, haya, wewe cheka, lakini kwa ajili ya masega yako gari lilinuka, na kwa kunuka kule nimemfukuza Gerson, na kanisa limemwondoa kwenye uzee. Ni juu yako hilo.

Nasri akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye kitambaa, muda mrefu.

"Gerson aliniambia gari linakula mafuta," akasema. "Mimi nikafanya mzaha. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini tusichanganye mambo, mtani. Masega nimeyala mimi. Gerson umemla wewe."

Nilipokuwa naondoka alikuja nyuma na mpira mpya wa mlango, akaufunga, hata tusi moja la kunisindikizia hakunipa.

Ijumaa, Juni 27

Doto amekwenda Sikonge na kurudi. Mshale haujafika hata nusu. Nilinusa turubai mara tatu. Halinuki.

Najiat amepiga. Nimemwambia lazima niende kwa Gerson. Akauliza utamwambia nini, nikasema nitamweleza habari ya sensa. "Sawa, mama," akasema, kama watu wanavyomwambia mgonjwa.

Jumamosi, Juni 28

Niko Sikonge, naandika nyumbani kwa mkubwa wa wafugaji nyuki, wamenipa chumba.

Nilifika kwa Gerson mchana. Levina alikuwa anaanua mahindi. Hakuniamkia, na mimi ni sawa na mama yake. Aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka, akaendelea na mahindi.

Gerson alitoka shambani na jembe begani. "Shikamoo mama." Yeye aliniamkia. Nikaitikia marahaba.

Nikaanza. Nilimweleza yote, mwonjaji, chumvi, masega, moshi unarudi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimebeba ile sensa mbovu kwenye pochi, nikaitoa, kitu kama plagi chenye mkia wa waya, nikampa aishike. Nikasema ndiyo iliyokuwa inaiba. Mashine ya Marko imesema. Ndoo hazinuki tena. Kila kitu kimeonekana, wewe huna kosa, rudi kazini.

Aliigeuzageuza mkononi.

"Mashine ilisema mara ngapi, mama?"

"Nini?"

"Hiyo mashine. Ilisema mara ngapi mpaka ukaamini?"

Nikageuka kuangalia mahindi ya Levina.

"Kwanza si ilikosea? Doto amesema kwa watu hapa, ililaumu sensa isiyo na kosa, ikabadilishwa bure. Bado ukaisikiliza tena." Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu. Nikarudia. Miaka yote ile, mama, sijawahi kukudanganya hata habari ya pancha."

Levina akasema bila kuinua kichwa, "Mashine haina koti la kunuswa."

Nikalia. Naona haya kuandika, lakini nimelia mbele yao, mwanamke mzima nimekaa kwenye kigoda na ushungi umeanguka. Gerson alinirudishia sensa. Akasema kesho kuna ibada, kama nina la kusema kwa mchungaji nikaseme huko, huko ndiko jina lake lilikoanguka. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, kama desturi.

Jumapili, Juni 29

Nimeingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani, na ushungi wangu, na sensa kwenye pochi. Walikuwa wanaimba wimbo ninaoujua, sikuthubutu kuuimba.

Baada ya matangazo mchungaji alisema kuna mgeni ana neno. Nikasimama. Niliona nyuso za wafugaji nyuki wangu wote, wamevaa mashati meupe. Nikaanza na oksijeni. Nikaitoa ile sensa nikaiinua juu, nikaeleza kuwa ni mwonjaji, kwamba ulimi wake ulikufa. Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akauliza, "Kwa hiyo aliyeiba ni nani?"

"Hakuna aliyeiba."

"Basi mafuta yalikwenda wapi?"

"Yalitoka kwa bomba la nyuma."

"Mabichi?"

"Mabichi."

Wakaanza kunong'ona Kinyamwezi, kwamba mama huyu amefundishwa la kusema, kwamba tajiri anamtaka dereva wake arudi. Niliwasikia, ni lugha ya mama yangu. Mchungaji naye alikuwa amekunja uso, haelewi. Nikataka kueleza upya, nianze na masega, nikaona nachanganya zaidi. Hata mimi mwenyewe nikiulizwa leo kwa nini kompyuta iongeze mafuta wakati mafuta yamejaa, sijui kama nitajibu sawasawa.

Nikairudisha sensa kwenye pochi.

Nikasema kwa Kinyamwezi, kwa sauti: "Acheni habari ya gari. Gerson aliniambia hakuiba, nami nilikuwa na miaka mingi ya kumjua. Sikumwamini. Nikawapigia ninyi simu nikamwita mwizi. Mwongo hapa ni mimi."

Hilo walilielewa. Yule mzee wa mbele akatikisa kichwa polepole, akasema, "Ehee." Nikaketi. Gerson alikuwa upande wa kwaya, anaangalia kitabu chake cha nyimbo, na sikuweza kuona uso wake.

Jumatano, Julai 2

Doto ameacha kazi, amepata basi la Igunga. Mimi na Leonia hatusemeshani.

Jumapili, Julai 6

Wamemweka Gerson mzee wa kanisa leo. Nimeambiwa kwa simu. Levina alivaa gauni.

Jumatano, Julai 9

Nimempigia Gerson kumpa hongera. Aliitikia vizuri, aliuliza hali yangu, aliuliza habari za sukari na za Najiat. Nikamwambia ufunguo uko pale pale juu ya mfuniko wa ndoo, sijauondoa. Akasema, "Asante, mama." Akasema atawaambia wafugaji waendelee kunipa asali, hilo nisiwe na wasiwasi. Kurudi, akasema, hatarudi. Anataka kulima.

Nikauliza, umenisamehe au hujanisamehe?

"Nimekusamehe, mama. Siku ile ile ya kigoda."

Sasa kama amenisamehe, mbona harudi? Nimekaa nalo jioni nzima silielewi. Gari nimelielewa kidogo, hili bado.

Jumapili, Julai 13

Basi la Sikonge limeleta ndoo moja. Siyo ya biashara, ndogo, imefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Kondakta amesema imetoka kwa Mzee Gerson, ni asali ya mizinga yake mwenyewe, mama ale na chapati.

Nimeifungua jikoni. Nyeupe, ile ya maua ya kwanza, Sabiri alikuwa anaipenda.

Nilichukua kijiko. Na kabla sijachota, kichwa changu kiliinama chenyewe juu ya ndoo, nikanusa.